Matroni Aliyetuhesabisha Taa

Jambo lote limenigharimu dola elfu mbili na mia nne. Nimezihesabu mara mbili, na mafuta ya kwenda Pearland na kurudi sijayatia humo. Kwa pesa hiyo nilinunua gari dogo la Kijapani la mwaka tisini na nne, rangi ya uji wa ulezi, ambalo hata ukilisindikiza na mbuzi hupati mia nane. Sikulitaka gari. Nililipa ili mwanamke mmoja aache kuendesha, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba haoni kilicho mbele yake. Gari nikalipata. Kuendesha hajaacha.

Mimi ni dalali wa magari. Nanunua mnadani upande wa Dallas, nayashusha Houston, nayauza mtaa wa Alief kwa watu wetu waliotua juzi na bado wanashangaa kwamba hata duka la maziwa linafikiwa kwa gari. Riziki yangu ni kuona kile ambacho mwenzangu anaomba nisikione: rangi iliyopakwa juu ya kutu, zulia jipya linalofunika matope ya mafuriko. Na bado nilikaa kiti cha pembeni cha mwanamke huyu karibu miaka miwili, nikimsifu kwa watu kwamba ana jicho.

Jina lake sitalitaja. Tulimwita Matroni, kwa sababu alikuwa matroni wa wodi kule nyumbani Tanzania, kisha akafanya kazi katika hospitali moja kubwa hapa Houston mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukubadilisha chochote katika namna alivyoongea na watu. Ukoo wake na alikozaliwa atayasema mwenyewe akipenda. Mimi nilimkuta akiwa Matroni tayari, mwaka 2017, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu. Boneti ya gari la mtu ilikuwa wazi, na wanaume watano wamesimama mikono nyuma kama wanafunzi waliochelewa namba.

Alikuwa anasoma taa.

Kwa asiyejua: magari ya zamani yana namna yake ya kusema kinachoyauma. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye matundu. Unanyoosha kibanio cha karatasi, unaunganisha matundu mawili, kisha unafungua swichi bila kupiga stata. Ile taa ya njano ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mara moja, hiyo ni ishirini na moja, na ishirini na moja ina ugonjwa wake. Magari mengine ya Kimarekani unazungusha ufunguo kwenda na kurudi mara tatu, na namba zinatokea pale panapoandikwa maili. Matroni alikuwa nazo zote kichwani, kama alivyokuwa na vipimo vya dawa. Alisema gari na mgonjwa ni kitu kimoja, ila gari halidanganyi kuhusu pombe.

Utaratibu wake ulijulikana. Aliketi kwenye usukani, mwenye gari akakaa pembeni yake. Alifungua swichi mwenyewe, akakushika kifundo cha mkono kama anayetafuta mapigo, akasema, "Hesabu kwa sauti." Yeye hakuhesabu hata siku moja.

Namkumbuka msichana mmoja wa Kenya aliyekuwa anasomea uuguzi, ndiyo kwanza ananunua gari, na gari lenyewe ni langu.

"Matroni, si wewe ndiye unajua hizi vitu? Niambie tu."

"Mapigo ya mgonjwa hayahesabiwi na jirani. Hesabu."

"Moja, mbili... imenyamaza... moja. Ni twenty-one, ama?"

"Mimi nitajuaje? Umehesabu wewe."

"Aki, wacha nirudie."

"Sasa unaanza kuwa muuguzi."

Tulicheka. Msichana alirudia, ikawa ishirini na moja kweli, Matroni akamwambia ni sensa ya hewa ya eksozi, akamtajia bei ya kipuri na jina la fundi, kisha akanigeukia na kunipunguzia mauzo yangu dola mia mbili mbele ya hadhira. Nikaondoka nikinung'unika, lakini moyoni nikasema huyu ndiye mwalimu. Angeweza kusema tu, lakini anataka mtu ajue gari lake.

Tangu siku niliyogundua, kila kumbukumbu yake naihesabu upya, na kila mara inakuja na namba nyingine. Ile ya msichana wa Kenya ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Alikuwa haioni taa. Taa ilikuwa mbele ya pua yake, yeye akitegemea mdomo wa mtoto wa watu.

Haikuwa rahisi kumshuku, maana alikuwa mkali mno. Mtu dhaifu hawi mkali namna ile. Mwezi wa nane, Houston ikiwa inachemka kama sufuria ya makande, alilazimisha kila mtu azime kiyoyozi kabla ya kupima. Injinia mmoja wa mafuta kutoka kitongoji cha Katy, mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye kupenda kujulikana hivyo, aliona hana sababu ya kuloa jasho. Akaacha kiyoyozi kikinguruma. Taa ikakonyeza hamsini na moja.

"Hamsini na moja ni nini, Matroni?" akauliza, uso umemshuka. "Ni injini?"

"Ni wewe. Gari linasema halina ugonjwa, ila limebeba mtu asiyesikia anachoambiwa. Zima hicho kiyoyozi."

Na kweli, kilipozimwa, namba ikaondoka.

Mhasibu mmoja naye alikuwa amebandika utepe mweusi juu ya taa ya injini ili isimkere usiku. Matroni alipitisha vidole kwenye dashibodi, akaukuta, akaubandua taratibu, akaubandika kwenye kioo cha miwani ya yule mhasibu. Akamwambia, "Endesha sasa." Yule bwana mpaka leo akisimuliwa anajishika miwani. Niliposimulia kisa hicho kwa watu, nilikuwa natia chumvi kwenye utepe, sikutilia maanani vidole. Nani anayekagua dashibodi kwa vidole?

Misemo yake tuliijua kama watoto wanavyojua jedwali la kuzidisha. Nyekundu simama hapo hapo ulipo. Njano panga siku ya kwenda kwa fundi. Taa iliyotulia inakuonya, taa inayopepesa inakuaga. Huo wa mwisho aliutoa kwa shemasi wetu, aliyeendesha majuma na taa ya injini inapepesa, mpaka siku moja eksozi ikawa nyekundu chini ya gari kama mkaa. "Umeagwa mara elfu, shemasi," alimwambia, "hukuitika hata moja." Shemasi aliisimulia kwenye mahubiri, akijitia kwamba ni wazo lake.

Na ule wa kwanza kabisa, ambao aliuanza nao kila darasa: ukifungua swichi, taa zote lazima ziwake kwanza kidogo, kama watoto wanaoitwa majina asubuhi. Isiyoitika usidhani ni nzima. Mtu ameinyamazisha.

Nilimpelekea zawadi ya Krismasi ile mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, inayoandika namba na maneno yake kabisa. Nilifunga na utepe. Alifungua, akaigeuzageuza mikononi, akaipima uzito kama kitunguu.

"Inafanya nini?"

"Inasoma, Matroni. Inakuandikia ugonjwa kwa Kiingereza."

"Kwa hiyo inakutafunia. Chukua, dalali. Mimi meno ninayo."

Nikaondoka nayo. Herufi za mashine ile zilikuwa ndogo kama sisimizi, na mimi nikamhesabu kuwa mwenye kiburi.

Kiburi ndicho walichomshitakia wengi. Alikuwa na tabia ya kutokukutazama usoni. Ukimwamkia, "Shikamoo Matroni," anaitikia marahaba huku ameelekeza macho kwenye bega lako, au juu ya sikio, kama mtu anayesubiri mwingine wa maana zaidi aje nyuma yako. Kuna mama aliyeacha kuketi safu yake kanisani kwa ajili hiyo tu. "Ana dharau yule," alikuwa anasema. "Ananiangalia kama natoka jasho." Ukweli ni kwamba katikati ya macho yake palikuwa pamekufa, pembeni pakawa pazima. Akikutazama usoni, uso unafutika. Alikuwa anaangalia bega lako ili auone uso wako.

Nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Alikuwa bahili wa kutisha. Hakutoza mtu senti kwa kusoma taa, lakini usithubutu kuja mikono mitupu: alitegemea ndizi za kupika kutoka duka la Waafrika pale Alief, na akizipokea alizibonyeza moja moja akakuambia ulipunjwa. Aliomba punguzo kwenye duka lenye bei zilizobandikwa. Aliwahi kunifanya nirudi dukani kwa ajili ya kotimiri iliyonyauka. Hakuwa na subira na wagonjwa wa kujitakia, na kwa kipimo chake karibu wote walikuwa wa kujitakia.

Na mwanamke huyohuyo, siku tatu kila wiki, alitoka kwake Pearland kwenda Alief kumchukua mjane mmoja Mkongo, tuliyemwita Mama wa Bukavu, akampeleka kliniki ya figo, akamngoja asafishwe damu, akamrudisha. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Nilimuuliza siku moja anawezaje.

"Napita huko huko," alisema.

Pearland iko kusini, Alief iko magharibi. Anayepita huko huko labda anazunguka dunia.

Sasa nije kwenye gari lake. Kwenye gari la Matroni ilikuwa marufuku kukaa kimya. Aliyeketi mbele ndiye aliyetangaza taa za barabarani. "Kwenye gari langu hakuna abiria," alisema, "kuna wauguzi wa zamu." Kwa hiyo ukipanda unatangaza: nyekundu Matroni, bado nyekundu Matroni, kijani Matroni, kuna gari linaingia kushoto. Kina mama waliokaa nyuma nao walisaidia. Tuliona ni heshima, tena ni nidhamu ya wodi. Mtu akikosea alikemewa, akipatia alisifiwa, na wapo waliogombea kiti cha mbele.

Mazoea yakawaingia. Jumapili moja gari la Matroni lilikuwa kwa fundi, nikawabeba mimi Mama wa Bukavu na wenzake wawili kutoka kanisani. Tulipofika makutano, wote watatu wakapiga kelele kwa pamoja, "Nyekundu!" Nikakanyaga breki mpaka mkoba wa mmoja ukaruka mbele.

"Naiona," nikawaambia.

"Tusamehe, dalali," akasema Mama wa Bukavu. "Iko mazoea tu."

Tukacheka njia nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mazoea ya nini. Kanisa zima lilikuwa limegeuzwa macho ya mtu mmoja, kwa adabu, na hakuna aliyeambiwa. Mzungu angeuliza, "Kwani wewe huoni?" Sisi hatumuulizi mtu mzima swali kama hilo. Akituambia tutangaze, tunatangaza.

Nililigundua mwaka 2019, kiangazi. Nilikuwa nimetoka mnadani na pikapu ya zamani ya Kijapani. Bei ilikuwa nzuri kupita kiasi, na bei ikiwa nzuri kupita kiasi mimi hutafuta maiti. Njiani ndipo nilipoipata: taa ya injini haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa amechomoa balbu. Sikustuka sana, ni ujanja wa zamani. Nikaipeleka Pearland moja kwa moja, nimsikie Matroni akiipata kwa sekunde moja na kuanza hotuba yake ya watoto wanaoitwa majina. Kwa kweli nilikuwa naisubiri kwa hamu.

Aliketi kwenye usukani, akanishika kifundo cha mkono, akafungua swichi. Taa ya mafuta ikawaka. Ya betri ikawaka. Ya injini, giza.

"Vizuri," akasema. "Zote zimeitika. Haya, hesabu."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Alikuwa ameielekea dashibodi, uso umetulia, anangoja. Mbele yetu palikuwa na kitundu cheusi, na mwanamke aliyetufundisha kukiogopa kitundu hicho alikuwa anangoja nikisome.

Sauti yangu ilitoka yenyewe. Nikasema moja, mbili. Nikanyamaza. Nikasema moja mpaka tano. Sijui nilizitoa wapi.

"Ishirini na tano," akasema. "Hewa inaizidi petroli. Angalia mipira ya hewa kabla hujanunua kitu."

Nilikuwa natazama mkono wake juu ya wangu.

"Dalali," akasema, "mapigo yako yanakimbia kama ya mtu aliyefumaniwa. Kuna nini?"

"Matroni, taa haikuwaka."

"Haikuwaka mara ngapi?"

"Haikuwaka kabisa. Haina balbu."

Akauachia mkono wangu. Akazima swichi. Akaketi hapo, mikono mapajani. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya muuguzi anayekabidhi zamu.

"Katikati pamekufa, pembeni pazima. Jicho la kulia lilianza, la kushoto likafuata. Daktari anajua. Nimechomwa sindano za ndani ya jicho mpaka nimezizoea. Imesaidia isiende haraka."

"Tangu lini?"

"Kabla hujanijua."

Miaka yote. Darasa zote za uwanjani. Barabara kuu yenye njia sita, malori pande zote, na mimi nimeketi pembeni yake nasema kijani Matroni huku natafuna karanga.

"Unaendeshaje?" niliuliza.

"Magari nayaona kama vivuli, na kivuli kikubwa nakifuata. Mistari ya barabara huku ina vifundo, hujaviona? Nikihama njia, gurudumu linavikanyaga, linaniambia. Siendeshi jua likizama. Mama wa Bukavu nilimwombea zamu ya saa nne asubuhi kwa ajili hiyo. Taa mnanisomea ninyi; nikiwa peke yangu, kivuli kikisimama nasimama."

"Matroni, sisi hatukujua kwamba tunakusomea."

"Ndiyo maana mlisoma vizuri," akasema. "Mngejua mngetetemeka."

Mtu mwingine angelia, au angempigia binti yake simu. Binti yake ni muuguzi, wanaishi nyumba moja, na hakujua lolote. Mimi nina dawa moja tu ninayoijua. Nikamwambia, "Niuzie gari lako."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Mia nane. Nakuonea huruma tu, thamani yake ni mia sita."

"Unanunua gari au unanunua miguu yangu?"

"Gari."

Akakaa kimya. Nikasema elfu moja. Akaendelea kukaa kimya, ameelekeza macho kwenye bega langu, nami sasa nikijua kwamba ananiona. Nikasema elfu na mia tano. Nimebishana bei na wahuni wa kila taifa, lakini sikuwahi kupandishiwa bei na mtu asiyefungua mdomo. Nilifika elfu mbili na mia nne ndipo akasema, "Lete."

Nilipompa pesa, akazirudisha mkononi mwangu. "Hesabu kwa sauti," akasema. Nikazihesabu. Mara mbili.

"Tumeelewana, Matroni?"

"Pesa nimeipokea."

Nikaondoka na ufunguo, nikajisifu njiani. Nilikuwa nimeokoa roho za watu kwa chini ya elfu tatu. Sharti lenyewe, kwamba aache kuendesha, sikulitamka, mimi ambaye siuzi hata tairi bila kutaja kila kitu. Nilimwonea haya kulisema, yeye akaniacha na haya yangu.

Kisha likaja gonjwa, mwaka 2020. Kanisa likafungwa, uwanja wa magari ukaota majani kwenye nyufa. Matroni sikumwona miezi. Nilijua binti yake yuko wodi ya wagonjwa wa korona, zamu juu ya zamu, na nikajiambia mama anakaa ndani salama. Mama wa Bukavu niliambiwa anachukuliwa na gari la wagonjwa, sikuuliza zaidi.

Asubuhi moja ya Alhamisi nilikuwa Alief, nimesimama kwenye taa nyekundu, barabara tupu kama sikukuu. Likaja gari la kijivu, likasimama njia ya pembeni yangu, sawa kabisa na mstari. Vioo vyake vilikuwa chini, pengine kwa kuogopa kuambukizana. Nikasikia sauti ninayoijua, ikiita nyekundu na kijani kwa Kifaransa.

"Rouge, Mama. Iko rouge bado. Ngoja... ngoja... vert. Twende."

Nikageuka. Matroni, barakoa usoni, mikono miwili kwenye usukani. Mama wa Bukavu pembeni yake, blanketi mapajani, kidole kimeelekezwa mbele. Gari likaondoka taratibu. Mimi nilibaki kwenye kijani mpaka ikawa nyekundu tena.

Niliwafuata. Nataka niseme aliendesha vibaya, ingenirahisishia kazi. Alisimama kila palipotakiwa. Aliacha nafasi kuliko mimi. Ni mara moja tu, mtu mwenye baiskeli alipokatiza mahali pasipo na taa, nilipomwona Mama wa Bukavu akiugonga mkono wa Matroni na gari likasimama, baiskeli ikiwa imebakisha urefu wa mkono. Mwenye baiskeli hakujua. Aliinua kidole cha shukrani.

Kliniki ilikuwa hairuhusu wasindikizaji, kwa hiyo Mama wa Bukavu aliingia peke yake na blanketi lake, na Matroni akabaki garini. Nikasimama mbali na dirisha lake, barakoa yangu imeniganda mdomoni.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, dalali. Nimeusikia mkanda wa injini yako tangu Alief. Unalia. Ubadilishe."

"Hili gari umelitoa wapi?"

"Nimenunua. Kwa pesa yako, na chenji ilibaki. Uliponilipa nilijua hukupiga hesabu."

"Na leseni?"

"Ofisi zimefungwa, leseni zote zimeongezewa muda. Hata serikali haitaki kunipima macho mwaka huu."

Nikamwambia nitamweleza binti yake. Hakukasirika. Alinigeuzia shavu, anione.

"Mweleze. Atachukua ufunguo leo hii, na atakuwa sahihi. Kisha Jumamosi nani anampeleka huyu mama? Gari la wagonjwa limemsahau mara mbili tangu ugonjwa uanze. Mara ya pili alivimba mpaka macho hayafunguki. Watu wa kanisa niliwapigia. Wanaogopa kukaa na mgonjwa ndani ya gari, na siwalaumu. Yeye ana macho, miguu hana. Mimi nina miguu. Wewe sema tufanyeje."

Alichomoa ufunguo, akauweka kwenye ukingo wa dirisha, kati yetu.

"Chukua. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, saa tatu na nusu uko mlangoni kwake. Si wiki hii tu. Miaka yote aliyobakiza. Ukiuchukua mimi siendeshi tena, hiyo naitamka ili usije ukasema hukuambiwa."

Tangu nizaliwe sijawahi kuogopa kitu kidogo kama ufunguo ule. Najijua. Ningekwenda wiki mbili, tatu, kisha ningeanza kuchelewa, kisha ningetuma mtu. Lakini mdomo wangu umezoea kujibu bei kwa bei.

"Jumanne na Jumamosi naweza," nikasema. "Alhamisi nakwenda Dallas. Mnada ni mtandaoni sasa, lakini gari lazima nikalichukue siku hiyo, la sivyo wananitoza kulilaza."

"Basi Alhamisi nitaendesha mimi."

"Matroni, hiyo siyo bei."

"Ndiyo yangu ya mwisho."

Hivyo ndivyo tulivyo tangu mwezi uliopita. Jumanne na Jumamosi nampeleka Mama wa Bukavu mimi, naye hunitangazia taa zote mpaka mlangoni, nimemwambia aache, hawezi. Jumatano jioni narudisha ufunguo Pearland, Ijumaa naufuata tena. Alhamisi nzima niko Dallas na simu mkononi, sioni magari ninayonunua, mpaka Mama wa Bukavu aandike kwamba wamefika, na tena mpaka aandike kwamba wamerudi. Nimetafuta mtu wa Alhamisi. Kila niliyemuuliza anataka kujua kwanza Matroni ana nini, na hilo nikilisema tu, ufunguo unakwenda kwa binti, na Matroni haji kunisalimia tena. Nilifikiri kuuacha mnada. Lakini mnada ndio unaolipa mafuta ya Jumanne na Jumamosi, na kodi yangu ya nyumba.

Wanaomjua watakuwa wameshamjua. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu leo ni Jumatano na ufunguo uko hapa mezani. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri: niurudishe au nisiurudishe? Na ukisema nisiurudishe, nieleze pia nimwambie nini Mama wa Bukavu, kesho saa tatu na nusu, akiwa amesimama mlangoni na blanketi lake.